Amplifaya ya hedifoni ya vali kwa volti 12: kuijenga, na kuitibu ikigoma

Amplifaya nyingi za vali, zile taa za kioo za redio za zamani, hufanya kazi kwa volti 200 na zaidi. Huo ni umeme unaoua, na kapasita huuhifadhi hata plagi ikishachomolewa. Kama hujawahi kujenga, anza na ya volti 12. Vali ya 12AU7, ambayo Ulaya huitwa ECC82, inakuza sauti; transista ya IRF510 inatoa mkondo wa kusukuma hedifoni. Vali moja inatosha kulia na kushoto, maana ndani ya kioo kimoja mna trayodi mbili, yaani vikuza-sauti viwili.

Kwa kila upande andaa IRF510 moja, LM317 moja (IC ya kudhibiti umeme), rezista ya 5.1Ω ya wati 1, rezista za 1M, 2.2k, 100Ω na mbili za 1k, trima (rezista ya kurekebisha kwa bisibisi) ya 100k, kapasita ya filamu ya 0.22µF na ya elektroliti ya 1000µF, volti 25. Vya pamoja ni vali na soketi yake ya miguu tisa, potensiomita (kitufe cha sauti) ya 50k ya stereo, kapasita ya 2200µF kwenye laini ya umeme, mabati ya alumini ya kupozea, na adapta ya 12V DC ya angalau ampia 1.5. LM317, rezista na kapasita utazipata Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Vali huenda ukalazimika kuiagiza.

Usichukue vali yoyote kwa sababu tu inaingia kwenye soketi. ECC88 (6DJ8) ina miguu tisa ileile, lakini filamenti yake, waya mwembamba wa kuipasha moto, ni ya volti 6.3. Ukiitia hapa itawaka kwa nguvu kisha ikatike.

Hesabu miguu ya soketi ukiitazama kwa chini, kwa mwendo wa saa, kuanzia kwenye pengo. Mguu wa 4 unakwenda +12V, wa 5 unakwenda ethi (hasi ya adapta), wa 9 uache mtupu. Kathodi ni 3 na 8: zote ethi. Gridi, inakoingilia sauti, ni 2 na 7; anodi, inakotokea ikiwa imekuzwa, ni 1 na 6.

Sauti inaingia kwenye potensiomita, inatoka mguu wa kati, inapita 0.22µF, kisha rezista ya 1k iliyolehemiwa karibu kabisa na mguu wa gridi. Ile ya 1M inatoka mwanzo wa hiyo 1k hadi ethi. Anodi inapata +12V kupitia 2.2k na trima zikifuatana, na inaungwa na geti ya IRF510, mguu wake wa kuingilia, kupitia 100Ω. Hiyo 100Ω iwe kwenye mguu wa geti wenyewe. Ukiiweka mbali, transista inaweza kutetemeka kwa masafa usiyoyasikia. Utakachoona ni joto lisilo na sababu na sauti yenye mikwaruzo.

IRF510 ukiitazama usoni, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni geti, dreni, sosi. Dreni inakwenda +12V. Sosi inakwenda kwenye mguu wa kuingilia wa LM317, ambao ni wa tatu. Mguu wa kati unashika 5.1Ω, ncha ya pili ya rezista hiyo inaungana na mguu wa kwanza, na hapo ndipo ethi. LM317 hushikilia volti 1.25 juu ya rezista hiyo, hivyo mkondo ni karibu 0.25A muda wote. Chanya ya 1000µF inaungwa na sosi, hasi yake inaelekea hedifoni, na baada ya kapasita weka 1k hadi ethi ili isibaki na chaji.

Sasa mabati, mahali ambapo kazi nyingi huharibika. Kibati cha mgongoni cha IRF510 ni dreni, yaani +12V. Cha LM317 ni mguu wake wa kati. Vyote viwili vikifungwa vitupu kwenye bati moja, au bati likigusa kasha lenye ethi, ni shoti. Weka maika au pedi ya silikoni na bushi ya plastiki kwenye skrubu, kisha hakikisha kwa mita kuwa hakuna muunganiko kati ya kila kibati na bati lake kabla ya kuwasha. IRF510 hutoa kama wati 1.6 na LM317 wati 1, kwa hiyo mabati yatakuwa ya moto. Hilo ni la kawaida.

Washa bila hedifoni. Subiri dakika tano, pima volti kati ya sosi na ethi, zungusha trima mpaka usome 5.5V. Rudia upande wa pili, kisha pima tena baada ya saa moja, kwani vali ikipata moto kamili hubadilika kidogo. Katika matumizi ya kila siku, vaa hedifoni baada ya dakika moja: vali ikiwa baridi haipitishi mkondo, sosi inapanda, na kapasita ya kutolea inajichaji kupitia hedifoni kwa kishindo.

Sosi ikikwama karibu na 8V hata ukizungusha trima, vali haipitishi: kagua filamenti, kathodi, na kama hukuhesabu soketi kwa upande wa juu. Ikisoma 12V, IRF510 imekufa kwa shoti. Ikisoma sifuri, geti haipati umeme au dreni haijaungwa.

Mvumo ukisikika, usikimbilie kubadilisha vali. Lisha amplifaya kwa betri ya 12V ya pikipiki. Ukitoweka, mkosaji ni adapta. Ukibaki, kusanya waya zote za ethi kwenye nukta moja, karibu na 2200µF, na uunge pia mwili wa potensiomita. Mvumo unaokuja laptopu ikiwa kwenye chaja tu hautoki kwenye amplifaya yako.

Besi ikipwaya, kagua kapasita ya kutolea: kwa hedifoni ya 32Ω, 1000µF hufika hertzi 5, ila ukiweka 100µF kwa makosa besi inaanza kupungua kwenye 50. Upande mmoja ukiwa dhaifu, badilishana waya za kuingilia. Udhaifu ukihama, tatizo ni waya au chanzo cha muziki. Ukibaki palepale, pima sosi ya upande huo kwanza.