Namna ya Kuwafundisha Wanafunzi Hadithi ya Della na Jim

Mwalimu wa sekondari jijini Mwanza anayefundisha "The Gift of the Magi", hadithi fupi ya O. Henry ya mwaka 1905, aanze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazopima upendo wa Della kwa mumewe, Jim. Ana dola 1.87 tu, anauza nywele zake kwa dola 20, kisha ananunua mkufu wa saa ya mumewe kwa dola 21. Wanafunzi wapige hesabu wenyewe, ndipo uwasomee kwamba Jim ameiuza saa hiyo ili amnunulie mkewe vitana vya kupambia nywele.

Hapo waulize juu ya mvuvi wa dagaa wa Kirumba aliyeuza karabai yake amnunulie mkewe vitenge vya kushona, huku mke akiwa ameuza cherehani anunue kioo kipya cha karabai.

Usikubali haraka jibu la kwamba walikuwa wajinga. Swali zito zaidi, nami naliona ndilo kiini cha hadithi, ni hili: nywele zitaota tena, lakini saa aliyorithi Jim kutoka kwa babu na baba yake haitarudi, je, walijinyima sawasawa?