Gombe kwa mtumbwi wa abiria: jipange kulala siku mbili

Hifadhi ya Taifa ya Gombe iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji wa Kigoma, na njia ya kufika ni Ziwa Tanganyika. Ukikodi boti peke yako utawahi kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ukipanda mitumbwi ya injini ya wanavijiji, ambayo nauli yake ni nafuu sana, usijidanganye kwamba siku moja itatosha. Mitumbwi huondoka mwalo wa Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma, mchana, inakushusha Gombe alasiri au jioni, na muda mzuri wa kufuata sokwe ni asubuhi. Kesho yake ukiwa bado milimani, mitumbwi ya kurudi mjini imeshapita. Kwa hiyo utatoka asubuhi ya siku ya tatu. Asiyelijua hili huishia kukodi boti kwa bei ya dharura.

Panga malazi ya Kasekela, makao ya hifadhi, kabla ya kusafiri. Mtanzania abebe kitambulisho cha NIDA ili alipe kiingilio cha raia. Chakula nunua soko la Mwanga, hapohapo Kigoma: mchele, unga, mafuta, dagaa. Wakati wa mbalamwezi dagaa huadimika, maana wavuvi huwavuta kwa taa, na taa haina nguvu mwezi uking'aa.

Fika Kibirizi kufikia saa tano. Jumapili usitegemee usafiri. Mwambie nahodha mapema kwamba unashuka Kasekela, kwa sababu mtumbwi huohuo unaendelea Mwamgongo hadi Kagunga, karibu na Burundi. Begi likitangulia chini ya magunia, kulitoa ni kazi. Dai jaketi la kuokolea na ulivae. Mwendo ni saa mbili hadi tatu. Mtumbwi ukijazwa kupita kiasi, au wingu zito likianza kushuka ziwani, ahirisha safari bila aibu.

Ukishuka, jihadhari na nyani wa ufukweni. Wanajua kufungua milango isiyofungwa sawasawa, na mwenye ndizi mkononi hunyang'anywa. Kula ndani, funga kwa komeo.

Kwa sokwe utaongozwa na mwenyeji wa hifadhi, kwa miguu. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari na vilima vinapanda ghafla kutoka ufukweni, hivyo ndala hazifai. Kiangazi, Julai hadi Oktoba, njia ni kavu. Masika zinateleza, ila sokwe hawatangitangi mbali. Vaa barakoa na kaa umbali wa mita 10 au zaidi. Ukiwa na mafua, usipande kabisa, hata kama umeshalipa: magonjwa yetu ya kifua huwaambukiza na kuwaua. Hawa ndio sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, na wamebaki wachache. Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata.

Jioni ya mwisho waulize askari wa hifadhi mtumbwi unapita saa ngapi. Saa kumi na mbili na nusu uwe ufukweni na begi, tayari kuupungia, maana hausimami usipoonekana. Msimu wa kusi mtumbwi unarudi ukikabili upepo na maji yanaruka ndani. Simu na nguo vifunge kwenye nailoni kabla ya kupanda.