Mnaachana na kuna nyumba? Ithaminishe hivi

Hii ni kwa walioko Tanzania. Kitu cha kwanza kabisa usikubali bei ya mdomoni, maana ndo watu wengi wanapoumia, mume anasema nyumba yenyewe haizidi milioni 40, shemeji anasema 50, dalali aliyeitwa na upande mmoja anataja bei inayompendeza aliyemwita, af wewe kwa kuchoka ugomvi unasaini tu yaishe. Usisaini jamani.

Tafuta mthamini aliyesajiliwa, yaani mtaalamu wa kukadiria bei ya mali. Tangu sheria ya 2016 kuna Bodi ya Usajili wa Wathamini, kwaiyo hakikisha jina lake kabla hujatoa hela. Bora mkubaliane mthamini mmoja na gharama mchangie, la sivyo kila mtu analeta ripoti yake mahakamani. Mkishindwa kuelewana wakili aombe mahakama iamuru.

Andaa hati au ofa (ile barua ya kupewa kiwanja) au leseni ya makazi, na kama kiwanja hakijapimwa ile karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, pamoja na mkataba wa mkopo kama nyumba iko benki. Na leo hii piga picha kila chumba, mana mtu akishajua mali inagawanywa anaweza kung'oa hadi masinki na milango. Siku mthamini anakuja uwepo mwenyewe, onyesha kisima, fensi, vyumba vya uani vya kupangisha, vyote viandikwe.

Kwenye ripoti angalia thamani ya SOKO. Ripoti nyingi za mikopo zina bei mbili, ya soko na ile ya kuuza kwa haraka ambayo iko chini, mwenzio anayetaka kukulipa sehemu yako ili yeye abaki na nyumba atakuletea hiyo ya chini. Ripoti ya miaka mitano nyuma nayo ikatae.

Sasa kama mwenzio alikuwa na boma kabla hajakuoa, mkapaua, mkaweka madirisha na tailizi pamoja, usiambiwe haikuhusu. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 inaingiza mali ya kabla ya ndoa kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa. Muombe mthamini atenganishe boma lilivyokuwa na kilichoongezwa, risiti za bati na mafundi zitakusaidia sana hapo.

Mfano nyumba imetoka milioni 120 na benki inadai 30, cha kugawana ni 90, ila siyo lazima iwe nusu kwa nusu. Mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja, wa hela, mali au kazi, na mahitaji ya watoto. Mama wa nyumbani usijidharau hapa, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Wakati mnasubiri ripoti nyumba inaweza kuuzwa kimya kimya. Kifungu cha 59 cha hiyo hiyo Sheria ya Ndoa kinakataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake na kinakupa haki ya kuweka zuio ili isiuzwe, kwaiyo kama ina hati nenda kwa Msajili wa Hati ukaliweke wiki hii hii, hata kabla mthamini hajafika, na cheti cha ndoa usikisahau.