Pima kivuli kwanza: kupiga picha za majumba na magari ya zamani kwa kamera ya mkanda

Kamera yangu ni Zenit-E ya Kirusi yenye lenzi ya Helios 44-2, milimita 58. Naitumia Mji Mkongwe, Unguja. Nitaeleza ninavyofanya kwa kamera hiyo. Mwenye Pentax K1000 au Yashica atabadilisha vipimo tu.

Hatua ya 1: Kagua kamera kabla ya kununua mkanda

Fungua mgongo wa kamera ukiwa mahali penye giza, toa lenzi, kisha mulika tochi ya simu upande wa mbele. Ukiona nukta za mwanga zikipenya kwenye shata (pazia la kitambaa linalofunguka kuruhusu mwanga), kitambaa kimetoboka, na kila picha itakuwa na madoa meupe. Lenzi nayo iangalie ukiielekeza dirishani. Huku pwani unyevu huleta kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo. Kuvu kidogo pembeni unaweza kuishi nayo, lakini ikishafika katikati mpelekee fundi. Kamera nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 zina sponji kwenye mlango wa nyuma, na sponji hiyo huoza ikawa kama lami. Ikwangue, bandika mpya.

Kipima mwanga cha Zenit-E kinatumia seleni na hakihitaji betri. Raha yake ni hiyo, ila seleni huchoka kwa miaka. Siku ya jua kali bila wingu, kwa mkanda wa ISO 400 (namba ya wepesi wa mkanda kunasa mwanga), jibu sahihi ni karibu f/16 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) kwa 1/500 (sehemu ya sekunde ambayo shata inakuwa wazi). Kikikwambia f/8, kimekwisha. Tumia kanuni hiyo ya jua au programu ya kupimia mwanga kwenye simu.

Hatua ya 2: Zoea lenzi mpaka mkono ukumbuke wenyewe

Helios 44-2 ina pete mbili za apecha, yaani tundu hilo la lenzi. Moja inachagua namba, ya pili inafunga na kufungua kwa mkono. Unafokasi ikiwa wazi kwenye f/2 ili uone vizuri, halafu unafunga, ndipo unabonyeza. Ukisahau kufunga, mwanga unaingia mara nyingi zaidi ya ulivyokusudia.

Mwaka 2019 nilipiga mkanda mzima wa Beit al-Ajaib kutokea Forodhani na nikasahau kufunga karibu katika kila picha. Negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, zikatoka nyeusi tititi. Nikajiambia nitarudi, jumba lenyewe limesimama hapo tangu 1883, zama za Sultani Barghash, litakwenda wapi? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ikaanguka pamoja na mnara wa saa. Watu walikufa siku ile, na mbele ya msiba huo picha zangu si kitu. Lakini tangu hapo siwashi hata simu kabla sijasema kwa sauti: fokasi, funga, piga. Fanya hivyo mara hamsini nyumbani bila mkanda.

Hatua ya 3: Chagua saa, usichague jumba tu

Majumba ya Mizingani na Forodhani yanaelekea baharini, kwa hiyo jua huyafikia usoni alasiri. Mimi naanza saa kumi. Jua la ubavuni ndilo linaloonyesha lipu ya chokaa ilivyobanduka, jiwe la matumbawe lilivyo na vitundu, nakshi za roshani zinavyoweka kivuli ukutani. Saa sita mchana ukuta huohuo unakuwa bapa kama karatasi. Na jua la kwetu linazama haraka: kuanzia saa kumi na moja na nusu kila dakika tano pima upya.

Hatua ya 4: Pima kivuli

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukielekeza kipima mwanga kwenye ukuta mweupe wa chokaa, kinapunguza mwanga, na kila kilicho chini ya roshani kinapotea. Negativu isiyopata mwanga haina kitu cha kutoa baadaye, hata ukiisafisha vipi. Sasa tafuta kivuli ambacho bado unataka kionyeshe kitu, mathalani boriti chini ya dari ya baraza. Sogea karibu, pima hapo tu, halafu punguza stopu 2 (kila stopu 1 unayopunguza ni nusu ya mwanga). Tuseme kivulini umepata f/4 kwa 1/500: weka f/8 kwa 1/500, rudi nyuma, piga. Ukuta utapata mwanga zaidi ya ule wa kanuni ya jua, na mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe kama HP5 Plus unauvumilia bila shida.

Nikipiga nyeusi na nyeupe naweka kichujio cha njano. Anga la buluu linashuka kidogo na chokaa inasimama mbele yake. Kinakula stopu 1, iongeze.

Hatua ya 5: Vichochoroni, piga vipande

Kichochoro cha mita 3, lenzi ya 58, mgongo umeegemea ukuta wa pili: utapata kama mita 2 tu za mlango. Usiinamishe kamera juu kutafuta jumba zima, kuta zitalala kinyumenyume. Piga njumu za shaba na kivuli chake, piga kizingiti kilichochimbika kwa nyayo. Nikitaka jumba zima naomba ruhusa ya kupanda ghorofa ya jirani, nasimama usawa wa katikati yake, kamera nikiishika sawasawa bila kuiinamisha.

Hatua ya 6: Magari

Gari shuka nalo chini. Weka lenzi usawa wa taa za mbele, simama kwenye pembe ili uone uso na ubavu kwa pamoja. Land Rover fupi ya zamani ina urefu wa mita 3.6 hivi; kwa lenzi ya 58 rudi nyuma mita 7 ipate nafasi ya kupumua.

Ujue pia unachokipiga. Bodi ya Land Rover hizo ni ya aluminiamu, chesi ni chuma. Kutu itafute chini. Juu, rangi inachakaa mpaka bati jeupe linatokea, na jua likilipiga linang'aa kuliko kitu chochote kwenye picha. Zunguka hatua mbili, mng'ao utahama.

Omba kwanza, na usiombe huku kamera iko jichoni. Mzee mmoja nilimkuta kwenye gereji ya uani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka kuipiga? Subiri basi nifute vumbi."

"Naomba usifute, mzee. Naitaka ilivyo."

Alinitazama, kisha akaufungua mlango wa dereva, akaweka kiwiko chake kwenye ukingo wa dirisha. Rangi ya kijani ilikuwa imeliwa pale, sehemu ya upana wa kiganja, laini kama kijiko. Nilipiga f/4, 1/60, fokasi kwenye ukingo ule.

Hatua ya 7: Kusafisha mkanda kwenye joto

HP5 Plus ndani ya dawa ya kusafishia ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inataka dakika 13 kwenye nyuzi 20. Maji ya bomba huku yanazidi hapo kwa mbali. Weka chupa za dawa zote kwenye beseni la maji na barafu iliyofungwa mfukoni, ngoja zifike 20. Ukishindwa, zifikishe 24 na tumia dakika 9 hivi. Muhimu maji ya kusuuza yasitofautiane sana na dawa, mkanda hausamehi mshtuko wa joto.

Hatua ya 8: Andika

Kwenye mfuko wa negativu andika tarehe, mtaa, saa, na upande uliosimama. Kisha chapisha nakala moja ya ziada. Ya mzee nilimpelekea baada ya wiki mbili. Ameibandika ndani ya gari, juu ya kioo cha mbele.