Tanga kwa miguu: anzia Ngamiani

Msafiri anayepita Tanga akielekea Pangani au Lushoto hushauriwa asilale mjini, kwa madai kwamba hakuna cha kuona zaidi ya bandari, saruji na maghala ya mkonge. Ushauri huo si wa haki. Ukiwa na jioni moja, vuka reli, ambayo ujenzi wake ulianza hapo mwaka 1893, uingie mtaa wa Ngamiani kula vyakula vya barabarani; huko barabara zimepewa namba badala ya majina, hivyo hata mgeni asiyejua mji hapotei kwa urahisi.

Toka baada ya Magharibi, kwa kuwa mchana ni joto na wachomaji wengi huwa bado hawajawasha mkaa. Kwa muhogo wa kukaanga, simama karibu na karai ungoje unaoibuka wakati huo, kisha uombe upasuliwe katikati na kutiwa chachandu ndani, maana uliokwisha kupoa hukakamaa na kunuka mafuta. Mishkaki, itazame kwanza ingali mbichi. Muuzaji asiyependa kuulizwa, mwache. Kwenye baraza za kahawa, kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele katika vikombe vidogo, na kashata huliwa kando yake. Barazani hapo ndipo pia utakapoelekezwa, bila hata kuuliza, wapi supu ya pweza ni nzuri, ingawa wazee huenda wakabishana kwanza. Salimia kabla ya kuagiza, na ubebe noti ndogo, kwani chenji husumbua.