Panga yasiyobadilika, mengine mwachie mhusika

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya niliupangia kila sura, ukanifia katika sura ya nane. Nilijua yote yatakayotokea, hamu ikaniisha. Wa pili niliuandika bila dira, ukanipotea. Wa tatu, wa binti wa nahodha wa Pangani, nimeumaliza hivi.

Hatua ya 1. Andika mwisho wa riwaya kwa sentensi moja. Usiandike tukio, andika badiliko: binti aliyekuwa akimngoja baba kila msimu, sasa hamngoji mtu. Atafikaje huko? Usijue bado.

Hatua ya 2. Panga yale ambayo mhusika hana uwezo wa kuyabadili. Hapa usifanye haraka. Zama za matanga, majahazi ya Uarabuni yalishuka pwani yetu na upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakarudi na upepo wa kusi kuanzia Aprili. Ukimleta baba kutoka Maskati kwa tanga mwezi wa Julai, msomaji wa pwani atakifunga kitabu. Bamvua, yaani bahari kujaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo wanawake hawaendi kuchokoa pweza siku uitakayo wewe. Ramadhani nayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Katika hadithi ya miaka 3 itakuwa imesogea mwezi mzima. Chora kalenda ya haya yote pamoja na umri wa kila mhusika, uibandike ukutani.

Hatua ya 3. Chagua vituo 5 vya hadithi, njiani kuelekea mwisho ule, kila kimoja kiandikie kadi yake. Vitano vinatosha.

Hatua ya 4. Kila unapokaa kuandika, anza na swali: leo mama atamwambia binti ukweli? Usilijibu. Andika saa nzima bila kutazama kadi.

Hatua ya 5. Mhusika akikataa mpango wako, tafuta mzizi wa kukataa kwake. Kadi yangu ilisema binti apande jahazi amfuate baba. Nilipomfikisha ufukweni, akageuka akarudi nyumbani. Nikasoma nyuma. Sura ya pili yuko dirishani anahesabu majahazi, wenzake wanaoga baharini. Kurasa 90 nzima hajagusa maji hata mara moja. Woga wake nilikuwa nimeuandika bila kujua! Kadi nikaichana. Usipouona mzizi, basi huenda ni wewe uliyelichoka onyesho gumu. Lala, kesho urudi kwenye kadi ileile.

Hatua ya 6. Kila baada ya sura 3, andika mstari mmoja kwa kila sura: nini kimetokea hasa. Kisha rekebisha kadi za mbele tu. Sura za nyuma usizifumue sasa. Weka alama ya penseli pembeni, uendelee. Hata ile sentensi ya mwisho inaruhusiwa kubadilika. Yangu niliigusa nilipofika sura ya 14: binti hamngoji mtu, lakini majahazi bado anayahesabu.