Kumwongoza mwenza asiyeona bila kumburuta

Mwenza anapopoteza uwezo wa kuona ukubwani, kwa presha ya macho au kisukari, wengi wetu humpenda kwa mikono: tunamvuta, tunamkalisha, tunamchukulia kila anachokigusa. Nia ni njema, ila baada ya miezi michache wote wawili huwa wamechoka, na hasira zinaingia ndani ya nyumba. Ukaribu hurudi mnapobadilisha utaratibu: wewe unatoa taarifa, yeye anaamua. Tuanze na barabarani, maana huko kosa huumiza upesi.

Yeye ndiye akushike, si wewe umshike. Gusa mgongo wa mkono wake kwa mgongo wa mkono wako. Atapandisha mkono mpaka juu kidogo ya kiwiko chako na kushika hapo, dole gumba nje, vidole vinne upande wa mbavu zako. Anakuwa nusu hatua nyuma yako, na kwa hapo anahisi mwili wako unapopanda, unaposhuka na unapokata kona. Ukimshika begani na kumsukuma, unamtanguliza yeye kwenye shimo ambalo wewe ndiye unayeliona. Ndiyo maana mtu anayesukumwa hukaza mwili na kuburuza miguu. Wengine huita huo ukaidi, kumbe ni woga wenye sababu.

Mkifika kwenye uchochoro mwembamba, peleka mkono wako nyuma ya mgongo wako. Naye atanyoosha wake na kukufuata kwa nyuma kabisa. Kwenye ngazi simama kwanza, useme: "Baba Neema, ngazi, zinashuka." Neno "ngazi" peke yake ni hatari, kwani hajui aweke mguu juu au chini. Tangulia ngazi moja, na mkifika mwisho simama tena, sema zimeisha. Mtaro usiofunikwa unahitaji subira zaidi: simameni ukingoni, mwambie upana wake kwa hatua, kisha mwache aguse ukingo wa pili kwa fimbo kabla hamjavuka. Fimbo nyeupe yenyewe, ikisimamishwa wima sakafuni, ifike angalau kwenye mfupa wa kifua. Iliyo fupi humpa onyo wakati mguu umeshafika.

Kwenye bajaji au kiti, weka mkono wake kwenye ukingo wa paa au kwenye egemeo, basi. Atakaa mwenyewe. Kumkandamiza mabega ili akae ni kumshughulikia kama mzigo.

Ndani ya nyumba adui mkubwa ni mlango ulioachwa nusu. Mikono yake hupita pembeni na ukingo wa mlango humpiga usoni, kwa hiyo uwe wazi hadi ukutani au ufungwe. Viti virudishwe chini ya meza. Ndoo ya maji haikai njiani hata kwa dakika 2, na jiko la mkaa liwe na mahali pamoja pasipobadilika. Ukihamisha kitu, sema siku hiyo hiyo. Kopo la chumvi livishe raba bendi moja, la sukari uliache bila kitu, na mwambie kila anayeingia jikoni asibadilishane mifuniko.

Mezani, wataalamu wengi hufundisha kueleza sahani kwa mtindo wa saa. Kwa Kiswahili njia hiyo ina mtego. Ukisema "samaki yuko saa tatu", mmoja atafikiria namba 3, iliyo kulia. Mwingine atafikiria mshale mfupi ulipo saa tatu yetu, yaani kwenye namba 9, kushoto. Kubalianeni mapema, au semeni tu: "Samaki kulia kwako, mchicha karibu nawe, ugali upande wa mbali." Maneno kama "pale" na "hapo" hayamfai kitu. Lakini usiogope kumuuliza "umeona?" kama zamani. Kinachomuuma ni kuona unachagua maneno kama unaongea na mgeni.

Mwache amenye vitunguu, afue, apige deki. Atachukua muda zaidi. Uliza "nikusaidie?" na akisema hapana, kaa na hiyo hapana.

Watu wa nje watakujaribu. Muuza viatu atakuuliza wewe: "Kaka, shemeji anavaa namba ngapi?" Usijibu. Mgeukie mwenzako unyamaze, muuzaji afuate uso wako. Akikazania, sema kwa upole, "Muulize mwenyewe, yupo hapa." Jambo hili dogo lina uzito mkubwa kwa mwenzako, kwa sababu anasikia uko upande gani.

Ukimya nao una madhara ambayo wanaoona huyasahau. Hakuoni ukitikisa kichwa, hakuoni ukitabasamu, na baada ya ugomvi hajui kama umekaa umenuna au umeondoka, huenda anaongea na chumba kitupu. Ukitoka sema, "Natoka uani." Ukirudi, sema ni wewe. Ukiwa na hasira, itamke. Na acheni zile ahadi za "utaona tu". Kliniki iendelee kama daktari alivyopanga, hasa matone ya presha ya macho kwa saa zake, lakini ahadi ya kila juma humwambia kwamba alivyo leo hakubaliki.

Pesa ni zake. Hesabu noti kwa sauti unapompa, moja moja, na kila thamani ikunjwe kivyake: elfu moja isikunjwe, elfu mbili nusu kwa upana, elfu tano nusu kwa urefu, elfu kumi mara mbili. Simu nyingi za Android zina TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, inayowashwa kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu (Accessibility). Ikiwaka, kugusa mara moja husoma tu na kugusa mara mbili haraka ndiko hufungua. Wengi hudhani simu imeharibika na kuizima. Mnunulie spika za masikioni ili salio lisisomwe kwa sauti ndani ya daladala, aache sikio moja wazi akiwa njiani, na namba ya siri aiweke yeye wewe ukiwa chumba kingine.